Mtaa wetu unataka kuandika listi ya "wazoefu" ipelekwe polisi, wajuzi njooni tujadili

Mpwa_wa_Mikindani

Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, mtaa siutaji maana humu mmejaa majirani. Juzi kwenye mkutano wa mtaa ajenda ya ulinzi imekula muda wote, maji na mitaro havikuguswa kabisa. Wizi umezidi, betri za bajaji, simu, pampu za maji, sola za watu, na msimu wa korosho ndo huo unakuja watu waanze kushika hela kwahiyo kila mtu roho juu.

Akasimama kijana mmoja, kasoma huyo, anafanya mambo ya kompyuta, akasema tuache kulinda kwa kubahatisha. Tuandike listi. Kila aliyewahi kukamatwa mtaani kwetu aingie kwenye eksel, tarehe, kosa, anaishi wapi, anakaa kijiwe gani, anatembea na nani, akikamatwa tena anaongezewa pointi, wenye pointi nyingi majina yanaenda kwa askari kata na vijana wa ulinzi shirikishi wawe wanapita kwao usiku kuangalia kama wamelala ndani. Watu walipiga makofi mpaka mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha.

Mimi nipo kwenye kamati na nimepewa kazi ya kuandaa utaratibu. Nikaingia kusoma, kumbe Marekani hii kitu wameifanya miaka kwa mitambo ya hela nyingi na wameanza kuiacha mji mmoja mmoja. Chicago polisi walikuwa na listi yao, ile ya mwanzo mwaka 2013 ilikuwa na watu 426, baadae ikavimba ikafika karibu watu 400,000, kila mmoja kapewa alama kuanzia 0 mpaka 500 kuonyesha uwezekano wa kupiga au kupigwa risasi. Taasisi ya utafiti inaitwa RAND ikaipima ile ya mwanzo, majibu yakatoka 2016: mauaji hayakupungua, waliomo hawakuwa kwenye hatari ya kupigwa risasi kuliko wenzao wanaofanana nao ambao hawamo, kilichoonekana ni kwamba waliomo wanakamatwa zaidi kwa kesi za risasi. 2019 wakaizima.

Ila upande wa pili nao una hoja. Kuna utafiti wa Philadelphia ulitoka 1972, walifuatilia watoto wa kiume 9,945 waliozaliwa 1945, wakakuta watoto 627 tu, kama asilimia 6, ndo wamebeba zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa. Yani wachache wanasumbua wengi, na hilo hata bila utafiti kila mtaa unalijua.

Sasa nishike lipi? Msinijibu kwa jazba tafadhali.

Mangi_wa_Magomeni

Naunga mkono hoja ya kijana asilimia mia na mleta uzi acha kutuletea Chicago hapa. Mimi duka langu limevunjwa, aliyevunja namjua, mtaa mzima unamjua, mama yake mzazi anamjua. Akakamatwa, akalala selo, hazijapita siku nyingi namuona huyo anapita mbele ya duka "shikamoo mangi". Ananiamkia kabisa!! Mwezi haujaisha wakaibiwa na jirani zangu, staili ile ile, bati limefunuliwa upande ule ule. Mnataka data gani tena? Hawa watu hawazidi kumi mji mzima. Ukiwabana kumi mji unalala milango wazi.

Bi_Somoe_Lindi

Mangi pole baba, kuibiwa kunauma na sikubishii hata kidogo.

Ila ngoja nikwambie la kwetu huku Lindi. Nina mtoto wa marehemu dada yangu, namlea mimi. Alikamatwa kwenye msako kijiweni, walizoa wote waliokaa pale, aliyekuwa na kosa na aliyekuja kunyoa nywele. Hakupelekwa mahakamani, hakusomewa chochote, akatolewa asubuhi. Basi tangu siku hiyo kila kikiibiwa kitu mtaani wanaanzia kwangu. Kuku wa fulani kaibiwa, hodi. Simu ya mwalimu imepotea, hodi. Na kila wakimchukua inaandikwa kwamba "amewahi kukamatwa mara kadhaa". Hizo mara kadhaa zote wamezitengeneza wao wenyewe. Kazi ya saidia fundi alikuwa nayo, fundi akachoka kuitwa shahidi akamwambia mwanangu pumzika kwanza. Sasa kwa hiyo eksel yenu huyu angekuwa na pointi ngapi?

Ndoro_Digital

Bi Somoe shikamoo, hapo umemaliza darasa zima nililotaka kutoa 😂

Wakuu mimi ndo kazi zangu hizi za data. Shida ya hizi sistimu ni hii, kompyuta haijui nani kaiba. Inajua nani kakamatwa. Ukiiambia kila kukamatwa ni pointi, halafu ukawatuma askari kwa wenye pointi, watakamatwa zaidi kwasababu ndo wanaoangaliwa, wakikamatwa wanaongezewa pointi, wakiongezewa wanaangaliwa zaidi. Mwizi mwenye akili anayekaa uzunguni na hajawahi kushikwa ana sifuri. Hata huo utafiti wa Philadelphia, zile data zilikuwa rekodi za polisi kukutana na hao watoto, sio makosa yote yaliyotendeka mjini. Haimaanishi ni uongo, ila soma kwa jicho hilo.

Los Angeles walikuwa na programu inaitwa LASER kuanzia 2011. Pointi 5 ukiwa kwenye genge, 5 ukiwa nje kwa masharti ya kifungo, 5 ukiwahi kukamatwa na bastola, halafu pointi 1 kila askari akikusimamisha barabarani kukuhoji. Kukusimamisha tu! Hujafanya kitu. Mkaguzi wao wa ndani alipoifungua 2019 akakuta karibu nusu ya hao walioitwa wahalifu sugu hawajawahi kukamatwa kwa kosa la vurugu au wamekamatwa mara moja tu. Ikafungwa mwaka huo huo.

Iliyonichosha kabisa ni ya Florida, kaunti ya Pasco. Sherifu wa kule alianza 2011, akatengeneza listi ya watu wanaotarajiwa kufanya uhalifu, na kwa watoto wakachukua mpaka maksi za darasani na mahudhurio ya shule. Askari wakawa wanaenda majumbani usiku na mchana, wasipokuta kosa wanatafuta la kuandikia faini, nyasi ndefu, namba ya nyumba haijabandikwa, na mama mmoja akapigwa faini dola 2,500 kwa kufuga kuku watano nyuma ya nyumba. Gazeti la Tampa Bay Times likafukua yote, likapata tuzo ya Pulitzer 2021, ile tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Familia zikashtaki, mwisho wa 2024 ofisi ya sherifu ikakubali kwamba ilivunja haki za kikatiba na kulipa dola 105,000.

Kangomba_Aliyetubu

Kuku watano 😂😂😂 dola 2,500!! Kwa sheria hiyo Mikindani yote ingehamia gereza la Lilungu, kuku wakabaki wanajilinda wenyewe.

Ila wakuu sisi wa korosho tushaishi hiyo kitu ya listi tusijifanye wageni. Mnakumbuka 2018 serikali iliponunua korosho kwa 3,300 kilo, jeshi likaja kusomba mzigo, ukaja uhakiki. Ukiwa na kilo nyingi unaulizwa shamba liko wapi, mikorosho mingapi, na wewe ni kangomba, yani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kinyemela. Kweli kangomba walikuwepo (mnaniona hapa) lakini kulikuwa na wazee wana mashamba halali ya kurithi, wakakaa wanasubiri hela yao huku jina lina alama ya kuulizwa. Na hakuna aliyewaambia nani kaweka ile alama. Mimi niliyekuwa na haki ya kuwekewa nilikuwa nimeshagawa mzigo kwa majina ya shemeji na wajomba. Kwahiyo mangi, hao kumi wako wakijua kuna listi watakuwa wa kwanza kujipanga.

Afande_Zamani

Nimekaa kimya nasoma. Nilivaa gwanda miaka mingi, Masasi, Nachingwea, nikamalizia hapa mjini, sasa nalima.

Wanaosema polisi wasiwe na kumbukumbu za wahalifu wazoefu wanaota. Kila kituo duniani kinajua watu wake. Alama za vidole zinachukuliwa kwa sababu hiyo, na ndio maana ukitaka kwenda kufanya kazi nje unaambiwa lete karatasi kuonyesha huna rekodi ya jinai. Mpelelezi mzuri akiona bati limefunuliwa upande fulani anajua aanze kuuliza wapi, hiyo sio uonevu, ni kazi. Mangi yuko sahihi kwamba wezi wa nyumba ni wachache na wanarudia.

Lakini kijana wenu anachotaka sio hicho. Kumbukumbu ya mpelelezi inakaa kwenye faili, na siku akiitumia vibaya kuna mkubwa wake wa kumuuliza. Listi ya mtaa itakaa kwenye simu ya mwenyekiti, mtendaji, katibu wa kamati na vijana wa doria. Halafu nawauliza nyie mnaojua wasap kuliko mimi, itachukua muda gani kufika kwenye grupu la mtaa?

Na ikifika huko mnajua kinachofuata. Usiku mtu akipiga yowe la mwizi watu hawataangalia nani anakimbia, wataenda moja kwa moja kwa aliyeandikwa namba moja. Nimeenda kuokota miili ya namna hiyo. Tairi na petroli. Kuna mmoja asubuhi yake mwizi halisi akakamatwa na mali akiwa nayo. Sitaki kuelezea zaidi ya hapo.

Mangi_wa_Magomeni

Afande hapo umenigusa, sikuwa nimewaza hilo la wasap. Ila basi wapewe polisi tu, wananchi wasione.

Wakili_wa_Barazani

Niingie hapo kwa mangi. Hata wakipewa polisi tu maswali hayaishi.

Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza kumtendea mtu anayeshtakiwa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Sasa wale wa kwenye eksel wengine hata kushtakiwa hawajashtakiwa. Pili, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na tume yake ipo. Kuandika kosa la mtu, anaishi wapi na anatembea na nani ni kukusanya taarifa zake binafsi, na taarifa za makosa zimewekewa ulinzi mkali zaidi. Kamati ya mtaa sio chombo cha uchunguzi. Mleta uzi, ile karatasi ya utaratibu ukiiandika na kusaini jina lako ujue ndo itakayoshikwa siku mtu akienda kulalamika.

London walikuwa na daftari la magenge, lilianzishwa 2012 baada ya zile fujo za 2011. Amnesty, wale watetezi wa haki za binadamu, wakalichambua 2018, wakakuta asilimia 78 ya waliomo ni weusi, na wengine wameingia kwa nyimbo walizosambaza mtandaoni au marafiki walionao. Kamishna wa taarifa wa Uingereza akasema mwaka huo huo polisi wamevunja sheria za data, ikiwemo kugawa majina hovyo kwa taasisi nyingine. Mtu anakosa nyumba hajui kwanini. Februari 2024 wakalifuta.

Na sisi watu wa Mtwara kuna jambo moja tusilisahau. 2013. Ile Januari na ile Mei ya vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar. Watu wangapi walizolewa mji huu, vijana, wazee, waliokuwa barabarani na waliotolewa vyumbani? Mkisema kila aliyewahi kukamatwa aingie, mtaingiza nusu ya akina baba wa Magomeni na Chikongola. Kompyuta itasoma "amekamatwa, vurugu", haitasoma kwanini.

Mtu_Mmoja_wa_Masasi

2013 usiikumbushe mkuu. Na Masasi pia, Januari ile ile. Napita tu.

Kangomba_Aliyetubu

Wakili umeleta 2013 mimi naleta 1983. Baba yangu alikuwa Dar anatembeza vitu, ikaja Nguvu Kazi, ukikutwa mchana huna kitambulisho cha kazi wewe mzururaji unapakiwa unarudishwa kijijini kulima. Alirudishwa Newala akafika akapumzika akapanda basi akarudi Kariakoo. Walimrudisha tena. Kwa hesabu ya pointi marehemu mzee angekuwa gaidi 😂 na hajawahi kuiba hata sindano.

Mwalimu_Tandahimba

Mnaongelea zilizoshindwa tu, mbona hamuisemi Boston, huko huko Marekani? Mradi wa miaka ya tisini, ulianza kazi 1996, nao ulilenga wachache hao hao wanaorudia. Tofauti ni kwamba hawakuwavizia. Waliwaita ukumbini ana kwa ana, polisi, waendesha mashtaka, wachungaji, watu wa ajira, wakawaambia tunawajua kwa majina, risasi zikome, atakayepiga tutashuka kwa kundi lake lote kwa kila sheria iliyopo, na anayetaka kutoka mlango huu hapa, kazi hii, shule hii. Watafiti waliofuatilia walisema mauaji ya vijana yalishuka kama asilimia 63. Kuna wanaobisha sababu miji mingine nayo uhalifu ulikuwa unashuka miaka hiyo, sawa, lakini hata ukitoa hapo kitu kinabaki.

Mimi hicho ndo ningekipeleka kwenye kikao. Waiteni. Kama mnawajua kumi, waiteni hao kumi mchana kweupe pamoja na mama zao na shehe na padri.

Bi_Somoe_Lindi

Mwalimu umesema vizuri ila huo mlango wa kutokea huku kwetu uko wapi? Hizo asilimia 10 za mikopo ya halmashauri, fungu la vijana lipo, lakini lazima kikundi, na nani atakubali kuingia kikundi kimoja na mtu aliyeandikwa? Wangu nimehangaika nae mpaka nimemtafutia boti ya kwenda nayo baharini, nahodha kanijibu shangazi mimi simtaki yule ana mambo na polisi.

Ndoro_Digital

Mleta uzi kama lazima uandike kitu basi weka masharti. Ahesabiwe aliyetiwa hatiani na mahakama tu, sio aliyekamatwa. Kila jina liwe na tarehe ya kufutika. Mwenye jina aambiwe kwamba yumo na apewe pa kupinga. Na yasiandikwe ya marafiki wala ndugu. Chicago walichanganya waliokamatwa na waliokuwa wahanga wa risasi humo humo, ukipigwa wewe alama zako zinapanda.

Afande_Zamani

Ndoro masharti yako ni mazuri sana na ukiyafuata listi itakuwa na majina mawili.

Nieleze. Mwizi wa bati la mangi anakamatwa leo. Mlalamikaji anaandika maelezo. Kesi inapangwa. Tarehe ya kwanza shahidi hayupo, ya pili mlalamikaji kasafiri, ya tatu ndugu wa mtuhumiwa wameshakwenda nyumbani kwa mlalamikaji na mbuzi na hela ya bati, yameisha kifamilia. Ikifika Oktoba ndo kabisa, mji mzima uko mashambani na minadani, hakimu anaahirisha mpaka anafuta. Sasa huyo hana hatia kisheria, na mtaani anaitwa mzoefu. Wote wawili mko sahihi na ndo maana mnagombana humu. Sisi vituoni ilikuwa hivyo hivyo, unamkamata mtu yule yule unajua kabisa atarudi, sio kwasababu hakimu kala hela kama mnavyosema vijiweni, ni kwasababu jalada halina mtu wa kusimama kizimbani kusema nilimuona.

Kabla ya eksel ningeomba kamati ifanye jambo moja la kizamani. Andikeni listi ya kesi, sio ya watu. Kesi gani za mtaa wetu ziko mahakamani, tarehe ya kutajwa lini, shahidi nani, nani atamsindikiza. Hiyo hata ikivuja kwenye wasap hakuna atakayechomwa moto.

Mpwa_wa_Mikindani

Afande hii naiandika kama ilivyo. Wakili hapo kuna tatizo la kisheria?

Wakili_wa_Barazani

Kesi zinasikilizwa wazi na tarehe zinabandikwa ubaoni mahakamani, yeyote anasoma. Ila majina ya mashahidi msiyaweke kwenye grupu, kaa nayo mwenyewe. Na kukiwa na mtoto kwenye kesi, iache kabisa.

Bi_Somoe_Lindi

Mangi, na ile kesi yako ya duka? Uliitwa kutoa ushahidi?

Mangi_wa_Magomeni

Niliitwa dada. Mara mbili. Sasa duka namwachia nani, na wezi wote hawa?

Afande_Zamani

Mangi nitumie namba ya jalada inboksi. Kama haijafutwa nitakuja kukaa dukani mimi hiyo siku, uza bei zako ziandike kwenye karatasi.